Kamera kubwa ama ndogo: picha gani inawafaa raia wa Eringeti?

Eringeti, kwenye barabara ya taifa nambari 4 kaskazini mwa mji wa Beni, imepitiwa na kamera za kila aina. Watu wanapokimbia mashambulizi ya ADF, nyuma yao wanafika wapiga picha: wa mashirika, wa magazeti ya mbali, na wa hapahapa wenye simu tu. Vijana wanaowatazama wanabishana. Je, kamera ya mgeni kweli inashinda ya mwenyeji?

Inashinda, hakuna kubisha. Kinacholeta tofauti ni kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga kama filamu ilivyofanya zamani. Kwenye kamera za fomati ya kati, kama Fujifilm GFX, kina milimita 44 kwa 33. Kamera nyingi za waandishi wa habari zina 36 kwa 24. Ndogo za APS-C zina karibu 24 kwa 16, na kihisi cha simu ni kidogo kuliko ukucha. Kibamba kipana kinakusanya mwanga mwingi zaidi. Mama aliyeketi chini ya turubai, jua kali nyuma yake, kwenye simu anaweza kutoka mweusi tii. Kwenye kamera kubwa macho yake yanaonekana, na hata nyuzi za kitenge.

Lakini ushindi huo una mipaka ambayo wauzaji hawaitaji. Lenzi za fomati ya kati mara nyingi hazifunguki sana, kwa hiyo usiku faida yake inapungua. Tena, ukipanga familia ya watu 12 kwa mistari mitatu, mstari wa mbele unatoka safi na wa nyuma unakuwa ukungu, isipokuwa mpiga picha abane tundu la lenzi. Halafu kuna bei. GFX100, yenye megapikseli 102, ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa karibu dola 10,000 bila lenzi. Faili moja ghafi linaweza kupita megabaiti 100. Nani atalituma kwa mtandao wa Eringeti, simu ikiwa imechajiwa kwa sola ya jirani?

Na picha yenyewe inakwenda wapi? Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri unaomba karibu megapikseli 9. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 haifiki hata robo ya megapikseli moja. WhatsApp nayo inaibana picha kabla ya kuituma, ya dola 10,000 na ya simu ya mkononi sawasawa. (Anayetaka isibanwe aitume kama dokima, wengi hawajui hilo.)

Kwa familia zilizohama, haja kubwa ni kutambuliwa. Baada ya 1994, huko Goma, watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi walipigwa picha kwa maelfu, zikabandikwa kwenye mabango ili ndugu wawatambue. Kazi ya namna hiyo inahitaji uso mzima, mwanga wa kivulini, mtoto ametulia, na jina lake limeandikwa bila kosa. Simu inaweza hayo yote, kioo chake kikifutwa vumbi kwanza.

Upande mwingine unatisha zaidi. Kwenye picha ya megapikseli 102 iliyopigwa sokoni, mtu anaweza kukuza na kusoma nyuso za watu ambao mpiga picha hata hakuwaona. Kati yao anaweza kuwapo aliyetoroka mateka juzi, ama aliyelipa jeshi habari. Hapo ubora unageuka hatari. Anayebeba kamera ya namna hiyo anadaiwa ruhusa zaidi kuliko mwenye simu, na ruhusa ya kiongozi wa kambi haitoshi kwa niaba ya mama aliyeketi pale.

Kuna deni lingine tena. Nyumba nyingi zilizoungua ziliungua pamoja na picha za arusi, za ubatizo, za wazee waliokwisha kufa. Mgeni anapiga picha 300, anaondoka, na aliyepigwa hapati hata moja. Wapiga picha wa barabarani, wenye kamera za zamani na printa ndogo, wanamkabidhi mtu picha yake siku ileile. Mashirika yanayonunua kamera za fomati ya kati yaongeze printa kwenye mzigo, na bahasha za plastiki, maana mvua ya Eringeti haihurumii karatasi.