Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Mwenye Dhima

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii husikika katika matanga ya waliogongwa na malori, nayo hutuliza mioyo ya wafiwa. Hata hivyo, inapotoka matangani na kuingia katika mazungumzo ya malipo, huacha kuwa maneno ya faraja ikawa ngao ya mwenye lori. Majeruhi huambiwa kwamba yaliyompata ni kudra ya Mwenyezi Mungu, hivyo apokee kidogo anachopewa na ashukuru.

Jambo hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa lugha nayo ina mkono ndani yake. Ajali za malori husimuliwa kwa sentensi zilizozoeleka: lori lilipoteza mwelekeo, breki zilikatika, trela lilipinduka. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutajwa: mchuuzi aligongwa na fulani. Kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi. Breki zilikatika, basi. Hatajwi aliyezembea kuzikagua. Kiima cha sentensi kinakuwa chuma, na chuma hakishtakiwi.

Sheria ya Kenya haiishii katika sarufi hiyo. Huuliza ni nani aliyekuwa usukani, alikuwa akimfanyia nani kazi, na ni nani aliyepaswa kuhakikisha kwamba gari ni zima. Dereva akisababisha ajali kwa uzembe akiwa katika kazi ya mwajiri wake, mwajiri naye hubeba dhima. Sheria ya Trafiki humhesabu mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake kuwa ndiye mwenyewe, hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria iyo hiyo humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Aidha, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzani wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na shehena yake. Kwa hivyo, breki zinapokatika mteremkoni, yafaa iulizwe pia dereva alikuwa amepumzika kwa muda gani, alibeba tani ngapi na alitumwa na nani. Hizo ndizo kinga ambazo methali haikuzitaja.

Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilivamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi na abiria, watu wasiokuwa na mkataba wowote na mwenye lori. Ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo ambapo Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kampuni ya bima hulazimika kulipa hukumu hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari. Hata malori ya nchi jirani yanayopita Kenya kwa Kadi ya Manjano ya COMESA yana bima ya aina hiyo.

Hata hivyo, mlango wa haki hii haubaki wazi daima. Madai ya uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Kampuni ya bima nayo sharti iarifiwe mapema kuhusu kesi. Mdai huhitaji abstrakti ya polisi, fomu ya P3 na ripoti ya daktari. Aliyefiwa na mume, mke, mzazi au mwana anaweza kudai kama mtegemezi. Haya yote yameandikwa, ila yameandikwa kwa Kiingereza.

Hapa ndipo dhuluma inapopata upenyo. Mjane wa mchuuzi huletewa hati ya kuondoa madai pamoja na pesa chache zinazoitwa za kusaidia mazishi. Akiweka sahihi au dole gumba, huenda amekwisha kuiuza haki ya watoto wake bila kujua. Alidhani amepokea rambirambi, kumbe ameandikiwa fidia. Rambirambi hutolewa kwa hiari. Fidia ni deni. Anayeyachanganya maneno haya mawili mbele ya mjane anamwibia.

Wapo watakaosema kwamba kueneza maarifa haya kutazidisha madai ya uongo na kupandisha gharama za bima. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana madai ya kughushi yapo. Lakini udanganyifu hustawi gizani. Dalali wa kesi humtumia majeruhi asiyeweza kusoma faili lake mwenyewe. Anayejua kilichoandikwa juu ya mwili wake ni vigumu kutiwa katika hila ya mwingine.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Kifungu cha 48 kinaitaka dola ihakikishe kwamba kila mtu anaifikia haki. Ahadi hizo mbili hukutana katika karatasi anayoletewa mjane. Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano na kuunda istilahi za taaluma nyingi. Vinaweza pia kushirikiana na wanafunzi wa sheria kutafsiri fomu ya P3, abstrakti na hati ya kuondoa madai, kisha kuzifikisha nakala katika zahanati, vituo vya polisi na ofisi za machifu kando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba. Maneno yanayohitajika tayari yapo: dhima, uzembe, fidia, mtegemezi. Kilichobaki ni kuyatoa darasani na kuyafikisha kwa mjane kabla hajaitia hati ile dole gumba.