Mbwa anayejua "toka" tu: kwa nini maneno unayomfundisha yana uzito siku ya chanjo

Mwaloni Kibirizi, mbwa anayezunguka kati ya mitumbwi na vichanja vya dagaa husikia Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kibembe kwa siku moja. Katika lugha zote hizo, neno analolisikia mara nyingi zaidi ni la kumfukuza.

Je, anaelewa? Ndiyo, na hapo ndipo penye shida. Timu ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika kijijini, mwenye mbwa ndiye hutakiwa kumleta na kumshika. Mbwa aliyezoea "toka" peke yake haji akiitwa. Hukimbilia porini, na jioni hurudi nyumbani bila chanjo.

Wanajua maneno mangapi?

Mwaka 2022, watafiti wawili wa Canada, Catherine Reeve na Sophie Jacques, walichapisha majibu ya wafugaji 165 wa mbwa. Kwa wastani, wafugaji hao walisema mbwa wao huitikia maneno 89. Mengi yalikuwa ya kuagiza: kaa, njoo, subiri.

Wengi wa mbwa hao huishi na watu ndani ya nyumba na husemeshwa kutwa. Mbwa wetu wa kulinda boma analala nje, na siku nzima huenda asiambiwe neno zaidi ya moja au mawili. Akili anayo. Anachokosa ni mtu wa kumsemesha.

Anajifunzaje?

Mbwa huunganisha sauti na kile kinachofuata baada ya sauti hiyo. Ukisema "njoo", akaja, ukampa kipande cha ugali, atajua kwamba "njoo" ina faida. Ukisema "njoo", akaja, ukamchapa kwa sababu amekula mayai, napo amejifunza: "njoo" ni fimbo. Kesho ukimwita atasimama mbali akutazame. Wengi humwita mkaidi, kumbe anakumbuka vizuri.

Njia hii ya malipo ndiyo inayotumika pia kwa mbwa wa kazi. Huko Usa River, mkoani Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifunza mbwa wa kunusa meno ya tembo yanayosafirishwa kwa magendo. Mbwa akipata harufu anayotakiwa kuitafuta, hupewa mpira acheze. Kazi ngumu hufundishwa kwa mchezo na sifa.

Wapo mbwa wachache wenye kipaji cha pekee. Rico wa Ujerumani, aliyeandikwa na watafiti mwaka 2004, alijua majina ya vitu takriban 200. Chaser wa Marekani, aliyefundishwa na Profesa John Pilley, alijua majina ya vitu 1,022. Usitarajie hayo kwa mbwa wako. Mbwa wengi hushindwa kushika majina ya vitu hata mawili, lakini maagizo kama "njoo" na "kaa" hushikwa na karibu kila mbwa.

Anakumbuka kwa muda gani?

Watafiti wa Budapest, Hungaria, waliwapima mbwa wawili wenye kipaji. Walishika jina jipya baada ya kulisikia mara 4 tu wakati wa kucheza, lakini baada ya saa moja walikuwa wamelisahau. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2024, mbwa waliokuwa wamezoea majina ya vitu vyao vya kuchezea walifichwa vitu hivyo kwa miaka 2. Vilipotolewa, wengi wao bado walikumbuka baadhi ya majina.

Neno la kupita hupotea haraka, na neno lililorudiwa kwa siku nyingi huweza kukaa miaka. Kumwita mbwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya chanjo ni kuchelewa.

Sauti na lugha

Mwaka 2016, watafiti haohao wa Budapest waliwazoeza mbwa 13 kulala kimya ndani ya mashine ya kupima ubongo. Waligundua kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na furaha iliamka zaidi pale neno la sifa liliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti kavu halikutosha, wala sauti tamu yenye neno lisilo na maana kwake.

Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ubongo wa mbwa hutofautisha lugha aliyoizoea na lugha ngeni. Kwa hiyo, Kiha au Kiswahili, yote sawa kwake, ili mradi nyumba ikubaliane. Baba akiita "njoo", bibi akiita "ngwino" na watoto wakipiga mluzi, mbwa ana sauti tatu za kujifunza kwa jambo moja.

Kwa nini jambo hili ni la wote

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa zaidi. Ili ugonjwa usisambae, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wapate chanjo. Hata familia isiyofuga mbwa hupita njia ileile ya kwenda kisimani, shuleni na mwaloni.

Unaweza kuanza leo jioni. Mpe mbwa wako jina moja, na neno moja la kumwita. Mwite wakati wa kumpa chakula, kila siku, kwa sauti ya upole. Usimwite ili umwadhibu. Mzoeze kuguswa shingo na kufungwa kamba kwa muda mfupi, kisha mpe kitu. Watoto wafundishwe neno hilohilo, maana mara nyingi wao ndio wanaompeleka mbwa kwenye kituo cha chanjo.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi hutoa chanjo kipindi hicho. Muulize ofisa mifugo wa kata yako tarehe ya eneo lako.

Na mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri dalili. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.