Yoti za Anasa katika Bahari ya Ngazija



Alhamisi iliyopita, baada ya darsa ya alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani, mjane ambaye marehemu mumewe tulisoma naye chuo kimoja utotoni. Alikuwa amefunga bangili mbili za dhahabu katika ncha ya leso. Akatuambia, "Maalim, mwanangu amepata kazi katika yoti. Itawatembeza matajiri visiwa vya Ngazija kwa miezi sita. Wakala ataka shilingi elfu sitini kabla ya safari, nami sina ila hizi. Nimpe radhi mwanangu, au nimzuie?"

Tulimwomba atupe siku mbili, na bangili azirudishe sandukuni kwanza. Tukaenda kukaa na wazee wawili waliokula chumvi nyingi baharini, tukauliza, tukasoma. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyomjibu, pamoja na nyongeza kidogo kwa faida ya wote, kwani twajua nyumba nyingi za pwani zina kijana anayeitazama bahari kwa jicho hilo hilo.

Tuanze na biashara yenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuihukumu asichokijua. Yoti za kukodi ni za namna mbili. Kuna anayekodi chombo kitupu, akawa nahodha mwenyewe ikiwa ana cheti cha kukiongoza. Na kuna anayekodi chombo pamoja na watu wake: nahodha, fundi wa mashine, mpishi, mabaharia wa sitaha na wahudumu. Hii ya pili ndiyo ya wenye mali nyingi. Bei huhesabiwa kwa wiki, na mara nyingi ni ya chombo na watu wake tu. Mafuta, chakula, vinywaji na ada za bandari hulipwa kutoka katika akiba ambayo mgeni huitanguliza, aghalabu karibu asilimia 30 ya bei ya kukodi. Mwisho wa safari huja bakshishi, na hiyo ndiyo inayowavuta vijana wengi, kwani yaweza kuushinda mshahara.

Na kwa nini tajiri aache bandari zenye kila kitu, aende visiwa visivyotembelewa? Kwa sababu anachonunua ni upweke. Anataka kutia nanga katika ghuba ambayo hakuna chombo kingine, aamke asubuhi asione mtu. Basi kadiri nchi inavyokosa wageni, ndivyo inavyosifiwa zaidi katika matangazo ya biashara hii. Maldivi walipokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka wa 2024. Komoro huwahesabu wake kwa makumi ya maelfu, na wengi miongoni mwao ni wana wa nchi wanaoishi Ufaransa, wanaorudi kwa arusi na kuwaona wazazi.

Lakini sisi watu wa pwani hatuwezi kuiita Komoro nchi isiyojulikana. Iko kati ya Msumbiji na Bukini, visiwa vitatu vya Ngazija, Nzwani na Mwali, vilivyojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, huku kisiwa cha nne, Maore, kikibaki chini ya Ufaransa kwa jina la Mayotte. Lugha yao ni ndugu ya lugha yetu, na madhehebu yao ni ya Shafi kama yetu. Habib Swaleh, aliyeanzisha Riyadha ya Lamu, alitoka Ngazija. Sheikh Ahmad bin Sumeit, kadhi mkubwa wa Unguja aliyefariki mwaka wa 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka wa 1861. Elimu iliyotufikia kutoka visiwa hivyo ilikuja kwa jahazi. Pwani ambayo matangazo huiita tupu ina misikiti, ina makaburi ya mashekhe, na ina wanawake waliojitanda shiromani wakirudi kutoka shambani. Mgeni anayepiga picha kutoka kwenye sitaha yake anawapiga watu waliokuwako kabla yake.

Je, watu hao wananufaika? Hapa tunapenda msomaji atulie. Ngazija ni mlima wa moto uliotoka baharini. Karthala peke yake ina kimo cha mita 2,361, na ufuo wake hushuka ghafla kwenye kina, hivyo mahali salama pa kutia nanga ni pachache. Bandari ya maji marefu iko Mutsamudu, Nzwani. Karakana za yoti na maduka ya vifaa vyake ni haba. Kwa hiyo chombo cha anasa mara nyingi huja kikiwa kimejaza mafuta na chakula kwingineko, kama vile Nosy Be huko Bukini au Maore. Mgeni hulala chomboni, hula chomboni, na hulipia safari katika nchi ya mbali. Mvuvi wa Mwali huenda akauza samaki watatu na kijana akalipwa kwa kuongoza njia ya msituni. Hayo si mabaya, lakini ni makombo ya karamu kubwa.

Komoro wana funzo lao katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilijengwa huko kaskazini mwa Ngazija hoteli kubwa ya Galawa, kwa mtaji wa Afrika Kusini. Mamia ya watu walipata kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafungwa, na baadaye ikabomolewa. Waliojenga maisha yao juu ya mlango mmoja walibaki nje mlango ulipofungwa. Na yoti hung'oa nanga kwa wepesi kuliko hoteli.

Njia nyingine ipo, nayo iko Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu. Mwaka wa 2001 ilianzishwa huko hifadhi ya bahari, ya kwanza katika nchi hiyo, wanavijiji wakishirikishwa katika ulinzi wake. Katika kijiji cha Itsamia kasa hupanda ufuoni kutaga usiku, na wenyewe wanakijiji huwalinda na kuwaongoza wageni kwa ada. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi huja na watoto wao. Mwaka wa 2020 UNESCO ilikiingiza kisiwa hicho katika orodha yake ya hifadhi za uhai. Mgeni anayelala katika banda la Nioumachoua anaacha pesa yake mkononi mwa mama aliyempikia wali. Hiyo ndiyo tofauti.

Yoti nayo yaweza kuja kwa adabu au bila adabu. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichokua kwa miaka mingi. Ndiyo maana chombo chenye adabu hutafuta mchanga au hujifunga kwenye boya. Taa kali za usiku huwapotosha watoto wa kasa, wakaelekea kusiko bahari. Na maji ya choo? Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi, uitwao MARPOL, katika sehemu inayohusu uchafu huo, huzibana meli za tani 400 na zaidi, na ndogo zilizoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15. Yoti nyingi za kukodi ziko chini ya mipaka hiyo. Basi usafi wa ghuba wanamooga watoto wa watu unabaki kwenye sheria ya nchi na amana ya baharia, na huyo baharia aweza kuwa ni mwanetu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hatukuweza kulinyamazia. Katika bahari hiyo hiyo hupita mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, zikitoka Nzwani kwenda Maore, mwendo wa kilomita 70 hivi. Tangu Ufaransa ilipoweka masharti ya viza mwaka wa 1995, maelfu wamezama njiani, wakiwemo wajawazito waliokuwa wakitafuta hospitali. Hatusemi kwamba mwenye yoti ndiye aliyewazamisha. Tunasema kwamba kijana wetu atakayesimama kwenye sitaha iliyosuguliwa akayaona maji hayo, ajue yamewapokea nani.

Sasa turudi kwa mama yetu na swali lake.

Kazi ya bahari ni kazi ya mababu zetu, na kumtembeza msafiri kwa ujira si aibu. Kwa hivyo hatukumwambia amzuie. Lakini tulimwambia kuna mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza ni hizo shilingi 60,000. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya imeuridhia, hauruhusu baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama hiyo ni ya mwenye chombo. Baharia huweza kujilipia paspoti, cheti cha afya na kitambulisho chake cha ubaharia, basi. Mkataba huo pia humpa haki ya kuandikiwa masharti ya kazi na kutia sahihi, kupumzika si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye chombo. Anayedai bangili za mjane kabla ya kuonyesha karatasi hata moja, huyo ana lake.

La pili ni aina ya kazi. Tulimuuliza mama, "Atafanya nini humo?" Hakujua. Kijana mwenyewe alipoulizwa akasema ni mhudumu wa meza. Na meza ya yoti, msomaji anaijua, haikosi mvinyo, na kumimina ni sehemu ya utumishi. Hapo hatukuweza kupunguza neno. Kazi ya sitaha, kamba, nanga, mashine au jikoni kwenye chakula cha halali ni mlango mmoja. Kumimina ulevi ni mlango mwingine, hata bakshishi iwe nono kiasi gani. Tukamshauri aombe kazi ya sitaha, hata kama mshahara utapungua.

La tatu ni majira. Kusi ina upepo, lakini ni wakati wa kiangazi huko. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita Komoro Aprili 2019, na Chido kiliipiga Maore Disemba 2024, kikaigusa na Nzwani. Mzazi ana haki ya kujua mkataba wa miezi sita unaangukia miezi ipi, na kama mwanawe amepata mafunzo ya kujiokoa majini kabla hajapanda.

Kijana akafanya tulivyomshauri. Alimwomba wakala mkataba wa maandishi. Wakala akasema nafasi zinakwisha, wenzake washalipa. Kijana akatafuta njia ya kumfikia nahodha mwenyewe. Ikabainika kwamba yoti ipo, safari ipo na kazi ipo, ila ada hiyo mwenye chombo haijui. Wakala alikuwa ameiongeza kwa tumbo lake. Kuhusu sitaha, nahodha amesema atazame kama kuna nafasi, na hadi tunaandika haya hajajibu.

Jumamosi mama alikuja tena. Akasema, "Maalim, na akikosa ya sitaha? Kodi ya nyumba ina miezi miwili." Hatukuwa na jibu jepesi la kumpa, wala hatukujifanya tunalo. Tulimwambia kwamba nasi tutamsemea kijana kwa wenye vyombo tunaowajua, na kwamba suala la kodi tumelifikisha kwa wazee wa msikiti, maana haifai kumwambia mtu aache mlango fulani kisha tukamwacha barabarani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Bangili zi sandukuni." Tukamwambia zikae huko huko.

Enyi wazazi, yoti hizi hazitoi nanga Komoro peke yake; huonekana pia katika maji ya Lamu na Kilifi. Mwanenu akija na habari ya kazi, msiikimbilie wala msiikatae kwa hofu. Muulizeni: karatasi iko wapi, kazi ni ipi, na chombo hicho kinawaachia nini wenyeji wa ghuba kinapoondoka? Akiweza kujibu yote matatu, mpeni radhi na mumwombee upepo mwema.

Wabillahi tawfiq.