Boti bila orodha: tumtafute nani?

Tarehe 26 Februari 2022 ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ilitoka Moroni, huko Komoro, ikielekea Fomboni katika kisiwa cha Mohéli. Ilikuwa ndege iliyoandikishwa Tanzania, na kampuni ya Komoro iliikodi. Ilipotea baharini ikiwa karibu kufika. Waliotoka kuitafuta waliokota vipande vyake tu. Lakini idadi ya kutafutwa ilijulikana: abiria 12 na marubani 2.

Kwetu je? Siku ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi kutoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, hapa karibu na Keshero, watu wakitazama kutoka ufukoni. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilibeba watu 278 na kwamba 78 walikufa. Upande wa Kivu ya Kaskazini walihesabu maiti chache zaidi. Hesabu hazikupatana, ingawa ajali ilitokea mbele ya mji mzima.

Wengi wanasema sababu ni kujaza kupita kiasi. Ni kweli. Vita ilikata barabara ya Goma–Minova mapema mwaka ule, vyakula na wachuuzi wakahamia ziwani. Lakini kujaza sana na kukosa orodha vinatembea pamoja. Asiyehesabu abiria hajui kama boti imejaa, na ikizama hajui ni nani bado yuko majini. Mzigo huo unabaki kwa jamaa: mama anakaa kati ya tumaini na matanga, hajui kama azike au angoje.

Luka, akisimulia kuvunjika kwa meli ya Paulo katika Matendo 27, hakusahau hesabu: watu 276. Kwa sababu walihesabiwa, iliwezekana kusema kwamba wote walifika nchi kavu.

Kuandika majina hakuhitaji pesa nyingi. Madaftari mawili yanatosha: moja liende na boti, lingine libaki bandarini. Tuwaombe wakuu wa bandari za Kituku na Minova walidai hilo kabla kamba haijafunguliwa. Parokia za kando ya ziwa ziwafundishe waumini wasipande kabla hawajaandikwa. Na mtoto anayebebwa mgongoni aandikwe naye, kwa jina lake.