Gari dogo nalo ni gari la biashara

ASUBUHI ya siku ya soko, ukisimama chini ya Arua Hill utayaona yamepangwa moja baada ya jingine: Probox, Noah, pikapu kuukuu na bodaboda zilizofungwa kreti nyuma. Yakiondoka yamejaa sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na vitenge, na safari ni ya Koboko, Oraba au Vurra. Muulize dereva yeyote kama anazijua kanuni za magari ya biashara. Atakucheka. "Hizo ni za wenye malori, mzee," ndivyo kijana mmoja alivyonijibu huku akikaza kamba.

Jibu hilo nimelisikia kwa miaka mingi, tangu sisi tuliokimbia mwaka 1979 na 1980 tuliporudi kutoka Sudan na Zaire kuanza maisha upya. Wengi wetu hatukuwa na mtaji wa lori. Aliyejaliwa alinunua kigari, akampa kijana wa nyumbani akiendeshe, na kazi hiyo tukaiita "kusaidia safari". Leo kazi hiyo inalisha familia nyingi katika West Nile, na inasomesha watoto. Lakini bado tunaiita kusaidia, kana kwamba hakuna fedha inayopita mkononi.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alikuwa akipeleka Koboko mzigo wa mwenye duka, kwa gari langu. Njiani alimgonga mwendesha baiskeli, akamvunja mguu. Nilikwenda kwenye kampuni ya bima nikiwa na karatasi zangu zote, nikijiona raia mwema. Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa hili: mzigo ulikuwa wa nani, na nani alilipia safari? Nilipoeleza, nilionyeshwa fomu yenye saini yangu, mahali nilipojaza kwamba gari ni la matumizi ya nyumbani. Niliandika hivyo kwa sababu bima ya gari la nyumbani ilikuwa nafuu. Hawakunilipa. Gharama za hospitali tulizitoa kwa kuuza ng'ombe wawili, kisha gari lenyewe. Yule mgonjwa alikuwa na mke na watoto, na kwa miezi mingi hakushika jembe. Siilaumu kampuni. Uongo ulikuwa wangu.

Ndiyo maana nasema tuache kuupima ubiashara wa gari kwa ukubwa wake. Ukibeba mali ya mtu kwa malipo, wewe ni dereva wa biashara, hata kama chombo chako ni pikipiki.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998, iliyofanyiwa marekebisho 2020, inagawa leseni za udereva, ambazo huku wengi huziita pamiti, katika madaraja. Daraja A ni la pikipiki, B la magari madogo, CM la malori ya kati na CH la malori makubwa. Magari ya abiria wa kulipa yana madaraja yake yanayoanza kwa herufi D. Kwa hiyo dereva wa Probox hahitaji leseni ya lori, na anayemdai leseni hiyo barabarani anamwonea. Lakini kijana mwenye daraja B akipewa lori la kati kwa sababu mwenye gari "anamwamini", hapo sheria imevunjwa hata kama kijana anaendesha vizuri kuliko baba yake. Na ndugu yetu aliyerudi na leseni ya Congo au ya Sudan Kusini, akishahamia nyumbani aende akaibadilishe. Leseni ya ugenini haimhudumii mwenyeji milele.

Kuhusu uzito pia tunajidanganya. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inayataka mizanini magari ya tani tatu na nusu na zaidi. Probox haiitwi huko, na wengi wamelichukua hilo kuwa ruhusa ya kupakia mpaka springi zilale. Kila gari lina kiasi ambacho aliyelitengeneza alisema libebe, na breki zilipimwa kwa kiasi hicho. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilipata lami katika miaka ya 2010. Tuliifurahia, na tulikuwa na haki. Lakini lami imeongeza mwendo kuliko ilivyoongeza akili. Gari lililozidishiwa mzigo kwenye vumbi lilikuwa likikwama. Kwenye lami halikwami, linapinduka.

Hatari iliyo mbaya zaidi ni ile ya kuweka watu juu ya magunia. Mama mwenye mali hataki kuachana na mzigo wake, naye dereva anaona nauli ya ziada. Mara gari la mzigo limekuwa la abiria bila leseni ya abiria na bila bima ya abiria. Likianguka, magunia huwaangukia watu. Akina mama wa Koboko wanajua nizungumzalo, maana wao ndio wanaokaa juu.

Kisha kuna mpaka. Uganda tunapita kushoto. Ukivuka Oraba kuingia Kaya, au Vurra kuelekea Aru, unapita kulia, na usukani wako uko upande usiofaa kwa kuona mbele unapotaka kulipita gari jingine. Dereva aliyeamka saa kumi usiku, akaenda Koboko na kurudi Arua, kisha akatumwa ng'ambo jioni, ndiye anayesahau upande. Malori makubwa yana utingo wa kumwamsha dereva. Kijana wa Probox yuko peke yake na simu inayolia, mteja akiuliza amefika wapi.

Bima nayo haivuki mpaka yenyewe. Sheria ya mwaka 1989 inamlazimu kila mwenye gari Uganda kuwa na bima ya mtu wa tatu. Kwa Congo iko kadi ya njano ya COMESA, ambayo huikatwa hapa kabla ya safari. Sudan Kusini si mwanachama wa COMESA, hivyo usivuke ukidhani karatasi ya Arua itakutetea Yei. Uliza kwanza, nunua kinachotakiwa, na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni vivyo hivyo.

Wenzetu wameanza kuliona jambo hili. Kenya ina daraja la leseni A3, linalowataja pamoja waendeshaji wa pikipiki za abiria, wapeleka vifurushi na magari ya magurudumu matatu, na ina B3 kwa madereva wa kulipwa wa magari madogo. Maana yake ni kwamba mwenye kuendesha kwa riziki amepewa jina lake, mtihani wake na heshima yake. Huko Ulaya, kanuni za saa za kuendesha na kupumzika zilikuwa zikigusa magari ya mizigo yanayozidi tani tatu na nusu. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia 1 Julai 2026 zitagusa pia magari ya zaidi ya tani mbili na nusu yanayovusha mizigo ya malipo mipakani. Waliona kwamba biashara ilikuwa imehamia kwenye magari madogo ili kuzikwepa kanuni za malori, na uchovu ukahamia huko pia. Sisi tulihamia huko kwa umaskini, lakini uchovu ni ule ule.

Siombi kanuni za lori zimwangukie mwenye pikapu moja. Zikimwangukia zote atarudi kutembea kwa miguu, na soko la Koboko litakosa sabuni. Naomba mambo machache. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iandike kwenye ukurasa mmoja kile ambacho dereva wa gari dogo la mizigo anatakiwa kuwa nacho, kwa Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa, na ukurasa huo ubandikwe stendi ya Arua, Koboko, Oraba na Vurra. Dereva akijua deni lake la kweli, hatalipa deni la uongo mkononi mwa mtu. Akikosa, aandikiwe faini akalipe benki.

Wenye magari tuseme ukweli kwenye fomu ya bima. Tofauti ya bei inauma, lakini hailingani na ng'ombe wawili na mguu wa mtu. Nao wafanyabiashara wanaokodi wajue kwamba bei rahisi ya safari mara nyingi ni bei ya usingizi wa dereva.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nimeujenga, na naulipia hadi leo. Yule mwendesha baiskeli bado tunakutana sokoni. Anachechemea, ananisalimu kwa jina, na kila mara huniuliza kama nimenunua gari jingine.