Usidanganywe na Mstari wa Mgongoni

Siku hizi wakulima kadhaa wa skimu zetu wanauliza habari za mbwa aina ya Ridgeback, na wengine wamekwisha kwenda Nairobi kumtafuta. Siwakatazi. Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi wawili watatu, na kuku, na ghala la mahindi, anahitaji mbwa wa maana. Lakini nimeona watu wakitoa fedha nyingi kwa ajili ya jambo lisilo na faida kwao, na ndiyo sababu naandika.

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukafuata Barabara ya Ngong, utafika uwanja wa Jamhuri, ule ule ambako wakulima huenda kutazama maonyesho ya kilimo. Huko ndiko chama cha East Africa Kennel Club hufanya mashindano ya mbwa. Ukimwona Ridgeback hutamsahau. Ni mbwa mkubwa, rangi yake kama ngano iliyoiva, kimo cha dume ni sentimita 63 hadi 69 begani, na uzito karibu kilo 36. Mgongoni ana mstari wa manyoya yaliyoelekea mbele, kinyume cha mengine, kana kwamba mtu ameyachana kwa kitana upande usiofaa. Karen na Langata pia utawakuta, maana sehemu hizo zi karibu na Mbuga ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946, na chui huweza kuingia uani usiku.

Wengi hudhani huyu ni mbwa wa Kizungu. Hiyo ni nusu ya kweli. Mstari ule ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini mwa Afrika, ambao Makaburu waliwachanganya na mbwa waliotoka Ulaya. Baadaye mwindaji Cornelius van Rooyen aliwazalisha katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, Francis Barnes akiwaongoza, wakaandika kanuni za aina hii. Kwa hiyo mtu anayemwita mbwa wa kijijini mshenzi, huku akimsifu Ridgeback, anamsifu mjukuu na kumtukana babu.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakuzalishwa kwa kazi moja. Kuna mbwa wa kunusa tu, na wa kukimbia tu, na wa kuleta ndege aliyepigwa risasi. Huyu alitakiwa afuate nyayo za mnyama juani, alinde kambi na maksai usiku, tena akae na watoto wa nyumbani bila kuwauma. Simba hakumwua, kama watu wanavyosimulia. Alimzunguka na kumkwepa na kumpigia kelele mpaka mwenye bunduki afike. Akili hiyo ya kutojitupa ovyo ndiyo inayomfaa mkulima anapojiwa na fisi au mwizi.

Kazi ya uwindaji yenyewe tumekwisha iacha. Serikali iliupiga marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Anayemtuma mbwa wake msituni kukamata swala anaweza kulala jela, na mbwa hatakuwa wakili wake.

Sasa tuje kwenye mstari. Watu wa mashindano humkataa mtoto wa mbwa aliyezaliwa bila mstari. Zamani watoto kama hao waliuawa wakiwa wachanga, hata huko Uingereza, na televisheni ya BBC ilipolitangaza jambo hilo mwaka 2008 watu wengi walikasirika. Hapa kwetu ukiuliza vizuri unaweza kumpata kwa bei ya chini, maana mwenyewe humwona kama hasara. Mimi nasema huyo ndiye mbwa wa mkulima.

Kuna ugonjwa ambao hufuatana na mstari. Mtoto huzaliwa na tundu jembamba katika ngozi, shingoni au mgongoni au karibu na mkia, nalo hushuka ndani kama mrija, pengine mpaka kwenye uti wa mgongo. Uchafu ukiingia, hufanya jipu. Mwaka 2007 wataalamu wa Sweden na wenzao walieleza chanzo chake. Mstari huletwa na kipande cha urithi kilichojirudia, na mtoto aliyekipata kwa baba na kwa mama pia ndiye aliye katika hatari zaidi. Asiye na mstari hakukirithi upande wo wote, na ni nadra kumwona na tundu hilo. Wafugaji wa ng'ombe wa gredi wataielewa hesabu hii upesi: wazazi wenye mstari, kila mmoja akiwa na urithi huo wa upande mmoja tu, huzaa kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne asiye nao.

Jirani yangu mmoja aliuza mtamba akanunua mtoto mwenye mstari ulionyooka kama reli. Baada ya miezi michache uvimbe ulitokea shingoni, ukapasuka, ukafunga, ukatokea tena. Ikambidi akodi gari mpaka Kabete, kwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu, nao wakampasua. Mbwa alipona, lakini mtamba haukurudi, na yule aliyemwuzia alipopigiwa simu alisema mbwa alitoka kwake mzima.

Kama ni lazima upate mwenye mstari, basi mkague mwenyewe. Ikunje ngozi ya mgongo katikati ya vidole, uiviringishe polepole kuanzia kisogoni mpaka kwenye mkia. Ukigusa kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, mwache. Tena usinunue watoto wa mbwa wanaochuuzwa kando ya barabara za Nairobi. Nenda nyumbani walikozaliwa umwone mama yao, wala usimchukue mtoto kabla hajatimiza majuma manane.

Huyu si mbwa wa makombo. Ugali mtupu utamkondesha, na akiwa na njaa atakwenda kwa kuku wa jirani. Mchanganyie dagaa au nyama, lakini maini na mapafu usimpe mabichi, kwa kuwa humo mna mabuu ya mnyoo yaliyojificha katika vivimbe vya maji, na mnyoo huo humrudia mwanadamu kwa ugonjwa mbaya. Chemsha kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Jirani yangu yule bado anabishana nami. Asema mstari una kazi yake, kwa sababu mwizi akiuona atajua kwamba mbwa huyu ni wa simba, naye atakimbia. Nilimwuliza wezi wa skimu yetu huja saa ngapi. Akasema saa nane za usiku.