Mgeni Kaja na Mila Zake, Zetu Tumezificha Wapi?

Mhariri, naomba nafasi ndogo katika jarida letu nitoe dukuduku langu. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo nimeikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliifahamu Desemba iliyopita, katika harusi ya binti ya senge wangu huko Bungoma.

Dada huyo alikwenda kusomea uuguzi Glasgow, nchini Uskoti, na huko akapata mchumba. Wazee wakakaa, wakakubaliana, tarehe ikawekwa. Sisi wa Kitale tulidamka alfajiri tukapanda matatu, tukapita Kiminini na Kamukuywa, na kabla ya saa nne tulikuwa kanisani.

Bwana harusi aliposhuka garini watu walishika vinywa. Alivaa kilti, yaani vazi la kiume la miraba linalofika magotini. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ati mwanamume na sketi? Yesu wangu!" Vijana wakacheka mpaka pasta akakohoa. Lakini shemeji yetu hakutahayari hata chembe.

Baadaye alitueleza kwamba miraba ile ni ya ukoo wa babake. Tena akasema kuwa baada ya watu wa milimani kwao kuasi mwaka wa 1745, serikali ya Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 1746 ya kupiga marufuku vazi hilo. Aliyelivaa alifungwa miezi sita, na akirudia alihamishwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1782, na mpaka leo wanalivaa harusini kwa fahari.

Kwenye karamu walileta bakuli dogo lenye masikio mawili, ambalo kwao familia mbili hunywea pamoja kuonyesha zimekuwa kitu kimoja. Kwao hutiwa wiski. Pasta alipokunja uso, kamati ikatia maziwa. Kukhu alikunywa, akacheka, akasema, "Si hii ni kama mirija ya busaa tu!" Alikumbuka zamani wazee walipozunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kisha mjomba wa bwana harusi akapuliza zumari ya mfuko, na ndama wa jirani wakakata kamba! Tulifurahi sana.

Shida ilikuwa moja. Mpiga litungu aliyetoka mbali aliambiwa ratiba imejaa. Keki ilipewa nafasi, disko ikapewa nafasi, naye akakaa chini ya mwembe na litungu lake ndani ya gunia. Kukhu hakuvumilia. Aliinuka bila kuitwa, akaanza wimbo, akina mama wakampokea na mabega yakacheza kamabeka. Hapo shemeji akaniinamia akauliza, "Wanaimba nini?"

Wenzangu, mimi Mbukusu wa kuzaliwa, ninayejigamba kwa alama za insha, nilimjibu, "Sijui." Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

Wapo wanaosema tusiwaruhusu wageni kuleta mila zao katika harusi zetu. Mimi sikubaliani nao. Hata shela jeupe tunaloliona la Kikristo lilienea sana baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka wa 1840. Kuazima si dhambi. Kosa ni kumkaribisha mgeni sebuleni huku ukimfungia nyanya jikoni. Waskoti walikatazwa vazi lao kwa sheria, wakalirudia. Sisi nani ametukataza? Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani. Tumejikataza wenyewe.

Sisemi kila cha zamani ni kizuri. Kumwoza msichana kabla hajamaliza shule ni mila ya kuzikwa, na sheria hiyohiyo inataka miaka 18. Lakini litungu limemkosea nani? Wimbo wa kumwaga binti anapotoka kwao una ubaya gani?

Basi nina maombi mawili. Kwanza, wazazi mnaokaa katika kamati za harusi, mpeni mpiga litungu walau dakika kumi kabla ya disko. Pili, wanachama wenzangu, likizo hii kila mmoja wetu aketi na nyanya au babu, aandike wimbo mmoja wa harusi wa kabila lake, awe Mbukusu, Msabaoti, Mteso au Mkikuyu, pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Muhula ujao tuisome chamani.

Mimi nimeshaanza. Kukhu ameniimbia ule wimbo mara tatu, nami nimejaza kurasa mbili za daftari. Shemeji akirudi, nina jibu.

Nakomea hapo.